Pipa la Wiski Lililoko Uskoti na Kiinua Mgongo cha Shemeji

Jumapili moja ya mwezi wa sita, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, shemeji yangu alifika nyumbani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, akiwa na bahasha ya kaki kwapani, na kwa namna alivyoiweka mezani kabla hata ya kumaliza salamu nilijua kwamba ndani yake mlikuwa na jambo la fedha. Alikuwa amestaafu ualimu miezi michache kabla ya hapo na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeshaingia benki. Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa kumi na mbili za rangi, alizozichapisha steshenari, zenye picha za milima ya kijani, mto, na mapipa ya mbao yaliyopangwa katika ghala lenye giza. Kampuni moja iliyojitambulisha kuwa na ofisi London ilikuwa imempigia simu ya WhatsApp mara tatu, ikimshauri anunue pipa moja la wiski changa kwa pauni 6,000, ambazo kwa viwango vya siku ile zilikuwa takribani shilingi milioni 20, alitunze kwa miaka kumi, kisha aliuze kwa faida ambayo mwandishi wa kurasa zile alikuwa ameichora kwa mshale mwekundu unaopanda.

"Shemeji, wewe umekagua maghala ya serikali maisha yako yote," aliniambia. "Nisomee hizi karatasi, kisha uniambie kama hii ni biashara au ni DECI nyingine."

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba si DECI, na nilitaka alielewe hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu wengi wetu tulioshuhudia upatu ule ukisimamishwa mwaka 2009 tumezoea kulipa jina hilo kila jambo tusilolifahamu. Upatu hauna bidhaa. Fedha ya anayeingia leo ndiyo inayomlipa aliyeingia jana. Biashara ya mapipa ya wiski ina bidhaa ya kweli, yenye sheria zake, forodha yake na historia ndefu, na wako watu waliopata utajiri halali kwayo. Swali ambalo mkaguzi huanza nalo ni jingine: mali iko wapi, iko chini ya ufunguo wa nani, na ni jina la nani lililoandikwa kwenye leja.

Nianze na mali yenyewe. Wiski aliyoelezwa shemeji ni ile ambayo wanywaji wa hapa mjini huiita singo molti, yaani iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake, kwa maji na hamira, na kukenekwa katika mitambo ya shaba ya kiwanda kimoja tu. Inapotoka mtamboni haina rangi, nyeupe kama gongo, na kisheria bado haijastahili kuitwa wiski ya Uskoti. Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 zinataka ikae ndani ya Uskoti, katika pipa la mti wa mwaloni lisilozidi ujazo wa lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na inapotiwa chupani isiwe na kileo cha chini ya asilimia 40. Rangi yake na sehemu kubwa ya ladha yake hutoka katika mbao za pipa, ambalo mara nyingi liliwahi kubeba bourbon ya Marekani au mvinyo wa sheri wa Hispania. Kwa hiyo mwenye kununua pipa jipya hununua muda na mbao zaidi ya anavyonunua kinywaji.

Jambo ambalo kurasa zile kumi na mbili hazikulitaja popote ni kwamba pipa hilo haliwezi kuja Dodoma. Shemeji alikuwa ameshalitengea kona katika stoo yake ya Kizota, akiamini kwamba mzigo ungepanda meli hadi Dar es Salaam, kisha ungepandishwa hadi hapa kwa barabara. Kanuni hizo hizo zinakataza singo molti kutolewa Uskoti ikiwa katika pipa la mbao, na tangu mwaka 2012 ni lazima itiwe chupani huko huko. Pipa hubaki katika ghala la forodha, mahali ambapo ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani husubiri hadi siku mzigo utakapotolewa, na mwenye pipa aliyeko Nkuhungu hulijua kwa karatasi tu. Nilimwona shemeji akiikunja ile kona ya stoo kichwani mwake, nami nikamwonea huruma kidogo, maana hata mimi ningependa kuwa na pipa ninaloweza kuligonga kwa kidole nikasikia limejaa kiasi gani.

Na pipa lenyewe halitulii. Kila mwaka sehemu ya kilichomo hupenya katika mbao na kupotelea hewani, kwa kawaida takribani asilimia 2 katika hali ya hewa ya Uskoti, na Waskoti huuita upungufu huo mgao wa malaika. Nilichukua kalamu tukapiga hesabu pamoja: pipa lililoanza na lita 250, likipungua kwa asilimia 2 ya kilichobaki kila mwaka, baada ya miaka 10 hubaki na lita 204 hivi, baada ya miaka 20 lita 167, na baada ya miaka 30 lita 136. Kinachopungua si ujazo peke yake. Hewa ya Uskoti ina unyevu mwingi, kwa hiyo kileo hutoka kwa kasi kuliko maji, na wiski iliyoingia pipani ikiwa na asilimia 63.5, ambacho ndicho kiwango kilichozoeleka viwandani, hushuka nguvu mwaka hadi mwaka. Ikishuka chini ya 40 hupoteza haki ya kuuzwa kwa jina la wiski ya Uskoti, hata kama imekaa nusu karne. (Hapa kwetu, kwa ukavu wa hewa tunaoujua sisi ambao midomo hutupasuka kila kipupwe, mambo yangekuwa kinyume: maji yangenyonywa kwanza na kileo kingepanda, huku malaika wa Dodoma wakichukua mgao mnono kuliko wenzao.) Kwa hiyo ile kauli ya kwamba wiski huongezeka thamani kadiri inavyozeeka ni kweli yenye mwisho, na mwisho huo hujulikana kwa kupima, si kwa kuhesabu miaka.

Upimaji huo ndio ulionifanya niziweke kando zile karatasi kwa mara ya kwanza. Wanaofanya biashara hii kwa dhati hawauliziani bei ya pipa. Huuliziana lita za kileo halisi zilizomo. Pipa la lita 250 lenye nguvu ya asilimia 63.5 lina lita 158 na ushei za kileo halisi, na hiyo ndiyo namba inayogawanywa kwenye bei ili mtu ajue kama ameuziwa ghali. Mapipa nayo hayalingani: lipo la takribani lita 200 lililotoka kwenye bourbon, lipo la 250, lipo kubwa la 500 lililozoeleka kwa sheri, na kipo kidogo cha lita 50 hivi. Kurasa za shemeji ziliandika "pipa moja la mwaloni bora" na kuishia hapo. Mtu angeweza kulipa pauni 6,000 akiwaza la lita 500, akapewa la lita 50, na asiwe na sentensi ya kumshtaki nayo muuzaji. Katika maghala niliyoyakagua, karani aliyeandika "gunia moja" bila kutaja kilo alikuwa akiandikiwa hoja siku hiyo hiyo.

Nakiri kwamba ukurasa wa bei ulinivutia. Uliitaja chupa ya wiski ya kiwanda cha Macallan iliyokenekwa mwaka 1926, ikatiwa chupani mwaka 1986 baada ya miaka 60 pipani, na kuuzwa katika mnada wa Sotheby's London mwezi Novemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 2. Ulitaja pia pipa namba 3 la Ardbeg la mwaka 1975, lililouzwa mwaka 2022 kwa pauni milioni 16 kwa mnunuzi binafsi wa bara Asia, ilhali kiwanda kizima cha Ardbeg pamoja na akiba yake kilikuwa kimenunuliwa na kampuni ya Glenmorangie mwaka 1997 kwa pauni milioni 7 tu. Hayo ni ya kweli. Hata hivyo, chupa si pipa, na pipa la kiwanda mashuhuri lililolala karibu miaka 50 mikononi mwa kiwanda chenyewe halina undugu wowote na pipa changa linalouzwa kwa simu kwa mwalimu mstaafu.

Mfano wa tatu ndio uliotuchukua alasiri nzima. Mwaka 2022 pipa la Macallan la mwaka 1988 liliuzwa mnadani kwa takribani pauni milioni 1, na mwenyewe alikuwa amelinunua kwa pauni 5,000. Fedha ile ilizaa mara 200. Shemeji alisimama kabisa aliposoma, akazunguka kiti. Nilimwomba aketi tuipige hesabu kwa mwaka, kwa sababu namba kubwa iliyosambaa katika miaka 34 haifanani na namba hiyo hiyo ikitazamwa kwa wakati mmoja. Ilitoka kama asilimia 17 kwa mwaka kwa riba mkusanyiko, kabla ya kutoa gharama za ghala, bima na mnada. Mwaka 2021 hati fungani ya serikali yetu ya miaka 25 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, na hata baada ya kushushwa hadi 12.56 mwaka uliofuata, mtu aliweza kuingia kwa shilingi milioni 1 na kulipwa mara mbili kwa mwaka bila kungoja malaika washibe. Ni haki niseme kwamba ulinganisho huo una kasoro kubwa moja, kwa kuwa ile ya kwanza ni pauni na hii ni shilingi, na shilingi ya mwaka 1988 na ya mwaka 2022 hazijuani hata kwa salamu. Ila ukumbuke kwamba pipa lile ni miongoni mwa yaliyobahatika kupita yote yanayojulikana, na riba ile ya hati fungani alilipwa kila aliyejaza fomu.

Sasa nije kwenye leja, ambako ndiko moyo wangu ulikokuwa tangu mwanzo. Nina ekari moja na nusu ya zabibu huko Mpunguzi, na kama wakulima wengi wa Dodoma, msimu mmoja nilikosa mnunuzi wa zabibu mbichi nikaamua kukamua na kuhifadhi mchuzi katika tenki la mtu mwenye kiwanda kidogo, ambaye sitamtaja. Tulikubaliana kwa mdomo na kwa karatasi moja iliyosema "amepokelewa mchuzi wa zabibu", ikiwa na mhuri na sahihi, lakini bila namba ya tenki. Nilipokwenda kuutoa miezi minne baadaye nilioneshwa tenki lenye mchuzi wa watu watano, wote tukiwa na karatasi zenye mhuri uleule, na jumla ya lita zetu katika karatasi ilikuwa kubwa kuliko tenki lenyewe. Mimi, mkaguzi wa maghala! Mke wangu hadi leo hulisema jambo hilo kila nikijifanya kumfundisha mtu habari za hati.

Kwa pipa la Uskoti, karatasi yenye uzito ni ile inayoitwa delivari oda, yaani amri ambayo mwenye mali wa sasa humwandikia mtunza ghala akimwagiza ahamishie pipa namba fulani kwa mwenye mpya, na mtunza ghala akakiri kwamba ameipokea na kubadilisha daftari lake. Cheti cha umiliki chenye nembo ya dhahabu, ambacho muuzaji hukichapisha mwenyewe ofisini kwake, hakibadilishi chochote katika daftari hilo. Kwa hiyo anayenunua anapaswa kujua jina la kiwanda kilichokeneka, namba ya pipa, aina na ujazo wake, tarehe lilipojazwa, vipimo vya mwisho vya lita na nguvu, na zaidi ya yote jina la ghala, ili aweze kumwandikia mtunza ghala moja kwa moja bila kupitia kwa dalali. Hapa Dodoma, mji ambao tangu serikali ilipohamia umeuza viwanja hadi vilivyokwisha kuuzwa, hakuna anayehitaji kuelezwa tofauti ya hati miliki na karatasi ya makubaliano.

Hofu hiyo si ya mkulima wa zabibu peke yake. Mwaka 2025 uchunguzi wa BBC ulionesha watu waliouziwa mapipa kwa bei iliyopandishwa mno, mapipa yaliyouzwa kwa zaidi ya mnunuzi mmoja, na mengine ambayo hayakuwahi kuwapo. Wengi wao walikuwa Waingereza, wenye uwezo wa kupanda treni kwenda kuangalia. Na kwa kuwa mamlaka ya Uingereza inayosimamia huduma za fedha haiyahesabu mapipa ya wiski kuwa uwekezaji ulio chini yake, aliyepoteza fedha kwa njia hiyo hana mfuko wa fidia wa kuukimbilia kama ule wa mwenye amana benki.

Upo pia mtego mdogo wa jina, ambao sikuwa nikiujua hadi nilipoanza kusoma. Mtu anaweza kulimiliki pipa kihalali na bado akakosa ruhusa ya kuandika jina la kiwanda kwenye chupa zake. Viwanda vingine hulinda majina yao kwa kuuza mapipa yaliyotiwa kiasi kidogo cha wiski ya kiwanda jirani, kama kijiko kimoja tu, ili kisheria isiweze tena kuitwa singo molti. Mnunuzi aliyelipia sifa ya jina huishia na wiski nzuri isiyo na jina, na bei ya mnadani hufuata jina.

Shemeji aliniuliza kama bei zinaweza kuanguka, na hapo nilimsimulia habari za ndugu wawili wa Leith huko Uskoti, Robert na Walter Pattison, ambao miaka ya 1890 waliifanya wiski kuwa homa ya Uingereza nzima. Inasimuliwa kwamba waligawa kasuku wa kijivu mamia kwa wenye maduka, ndege hao hao wa misitu ya Afrika, wakiwa wamefundishwa kusema kwa sauti wateja wanunue wiski ya Pattison. Benki zilikopesha na watu wa kawaida walinunua akiba za mapipa wasizoziona, hadi kampuni ilipoanguka mwezi Desemba 1898 na kuburuta wengine wengi, na ndugu hao wakafungwa jela mwaka 1901 kwa udanganyifu. Karibu karne moja baadaye viwanda vilikeneka kupita mahitaji, maghala yakafurika, na mwaka 1983 vikafungwa kadhaa, vikiwemo Port Ellen na Brora. Kinachochekesha ni kwamba wiski iliyobaki ya viwanda hivyo vilivyofungwa ndiyo iliyokuja kugombewa na matajiri, kwa kuwa haikuwa ikitengenezwa tena, hadi vikafufuliwa, Brora mwaka 2021 na Port Ellen mwaka 2024. Ni nani aliyekuwa na subira ya miaka arobaini kuyangoja hayo? Shemeji ana umri wa miaka 60.

Kuhusu kutoka nitasema machache. Pipa halina soko la kila siku kama la hisa. Huuzwa kwa dalali, mnadani au kwa mtia chupa wa kujitegemea, na kila mmoja hukata chake. Bei za wiski adimu zimekuwa zikishuka tangu kilele cha mwaka 2022. Anayeamua kuzitoa chupa na kuzileta Tanzania atakutana na ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani kabla hajafungua hata moja, na benki yake itataka maelezo tangu siku ya kwanza fedha zinapotumwa nje.

Sikumwambia asinunue. Nilimwambia kwamba kama angekuwa na fedha ambayo asingeihitaji hadi wajukuu wake wamalize chuo, na kama angepata pipa la kiwanda chenye jina, lenye vipimo vya karibuni na delivari oda iliyothibitishwa na ghala, mimi mwenyewe ningechangia kidogo, kwa kuwa kuna utamu fulani katika kumiliki kitu kinachokua kizani upande wa pili wa dunia wakati wewe unapalilia zabibu. Kisha tuliandika maswali manne nyuma ya ile bahasha, akayatuma usiku ule ule: ujazo na nguvu vya pipa, jina la kiwanda na ruhusa ya kulitumia, jina la ghala linalolitunza, na gharama za ghala na bima kwa mwaka.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili. La kwanza lilijibiwa kwa namba isiyo na tarehe ya kipimo, la pili kwa sentensi ndefu isiyo na jina ndani yake, na la nne kwa ahadi kwamba miaka mitano ya mwanzo ni bure. Siku iliyofuata mtu wa London alipiga simu, akamwita shemeji kwa jina lake la kwanza kama mtoto, na kumweleza kwamba bei imeshushwa hadi pauni 4,800 ila nafasi inafungwa Ijumaa. Ijumaa ilipita, na ile iliyofuata. Mwezi wa nane shemeji alinunua hati fungani kwa shilingi milioni 12, akaezeka banda la kuku kwa sehemu ya iliyobaki, na bahasha ya kaki akaniachia mimi. Swali la tatu, linalouliza jina la ghala, bado halijajibiwa.